Karibi si Karibu

Kalenda ya muuza salfa ilikaa ukutani miaka sita.
Tarehe zake zote zilikwisha, hatukuing'oa,
kwa sababu ya Agosti:
mume na mke juu ya chombo cheupe cha tanga,
miguu mitupu, bilauri mkononi,
wanakizunguka kisiwa, na chini pameandikwa Karibi.
"Karibi si karibu," ulisema, Nandonde,
ukacheka peke yako, kama kawaida yako.

Mwaka huu korosho zimelipa.
Wewe ulitaja bati.
Ukala, ukanawa, ukataja tena bati.
Nikasema: mimi nataka Agosti.

Tukashuka kutoka Newala na basi la alfajiri,
chapati sita ndani ya hotipoti ya harusi yetu,
hadi Msimbati, kwenye mchanga mweupe kama unga wa makopa,
tukamkuta Shazili na mashua yake
iliyoandikwa ubavuni NIACHE NIPUMUE.

"Mnakwenda wapi?"
Kukizunguka kisiwa cha Mongo.
"Mna msiba huko?"
Hatuna.
"Mnafuata pweza?"
Hatufuati.
"Sasa mnakwenda kufanya nini?"
Kuzunguka.
Akatupima kwa macho, akataja bei ya watu walioshiba.
Ukaishusha. Akaipandisha. Mkakutana kwenye chapati moja.

Ulikamata ukingo kwa mikono miwili
kama mtu aliyepanda mkorosho, tawi likalia.
"Kina gani hapa?"
"Hapa unasimama, babu, maji ya kifua."
Ukaachia mkono mmoja.
Wa pili uliuachia baadaye, kwa ajili ya chai.

Mimi nilikuwa nayatazama maji.
Kwetu juu ndoo moja ina foleni,
ina ugomvi, ina mwenyewe.
Miaka arobaini nimeyabeba kichwani,
leo yamenibeba,
na wala hayakuniuliza nina uzito gani.

Nyuma ya kisiwa hakuna kitu.
Mikoko. Ndege wawili waliosusiana.
Kandambili moja ya bluu, ya mguu wa kushoto.
"Tumelipa hela," ukasema, "kuja kuona hakuna kitu."
Upepo nao ukakata, kana kwamba umekusikia.
Shazili akajifunika kofia usoni, akalala.

Tukakaa.
Hakuna mjukuu aliyeita, hakuna karani wa mizani,
hakuna jirani wa kuomba chumvi,
na chumvi ilivyotuzunguka!
Nilikuchambua miba ya mkwaju mguuni, ya tangu juzi.
Ndipo ukasema, ukiwa umeukazia macho mlingoti:
"Zile kilo mia, mwaka ule.
Sikuibiwa.
Niliziuza kangomba, nikamlipia kaka yako deni."

Nikamalizia mwiba wa mwisho.
"Najua. Alinitumia kitenge cha shukrani."
"Kipi?"
"Hiki nilichovaa."

Ulikitazama kitenge kile
kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka kumi na saba,
halafu ukacheka, na safari hii hukucheka peke yako,
hadi Shazili akaamka akidhani tumetoboka.

Upepo ulirudi taratibu, bila kuomba radhi.
Tukashuka pale pale tulipopandia,
nyayo zetu za asubuhi bado zinaelekea majini.
"Tumefika wapi?" ukauliza kwa utani.
"Mmerudi," akasema Shazili, akihesabu noti.

Nilijaza dumu la lita tano.
Konda alidai nauli yake; nililipakata.

Nyumbani mvua ilitutangulia.
Beseni limekaa chini ya tundu la bati, tone, tone,
na Sikujua, mjukuu wetu, kafungua dumu,
kapiga funda, katema hadi mlangoni.
"Bibi, maji gani haya?"

Wewe ulikuwa juu ya stuli,
unaziba tundu kwa gamba la sabuni.
Hukugeuka.
"Ya Agosti," ukamjibu.